Nilikata Matete, Akatengwa Nyamizi

Nina miaka sitini na minne. Kusoma na kuandika nimejifunza uzeeni, katika kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mtanisamehe herufi zikipinda. Nimesoma mikasa ya wengi katika ukurasa huu. Wengi wenu mlitendewa. Mimi nilitenda... na ndiyo maana nimechelewa kuandika.

Siandiki ili mnionee huruma. Huruma yenyewe sijui ningeiweka wapi.

Mambo haya yalitokea nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, zama za Mwingereza, kijijini kwetu upande wa Kishapu. Siku hizo kila kijana alikuwa anazungumzia dhahabu ya Geita. Wanaume walitoka kwa makundi kwenda magharibi, wengine na jembe begani, wengine mikono mitupu. Mume wangu naye akaenda. Aliniacha na mama yake, na nyumba inayovuja, na miaka minne ya ndoa bila mtoto.

Mwanamke asiye na mtoto ndani ya boma la watu ni mgeni tu, hata akilima mashamba yote. Mama mkwe hakunitukana hata siku moja, lakini kila alipotaja wajukuu wa jirani alikuwa ananitazama tumboni. Kisha zikaja habari kwamba wanaume wa Geita wanaoa wanawake wa huko. Nikaanza kulala vibaya.

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Nyamizi. Alikuwa Msumbwa wa upande wa Ushetu, ameolewa kijijini kwetu, na mumewe pia alikuwa Geita. Sisi wawili tulilima pamoja, tukatwanga pamoja, tukasengenya wakwe pamoja. Alikuwa anacheka kwa sauti kubwa mpaka wazee wanageuka. Nikijaribu kusema Kisumbwa alishika mbavu, akasema naongea kama mbuzi aliyekanyagwa. Mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mimi nilimwonea wivu, nakiri, lakini nilimpenda zaidi ya nilivyomwonea wivu.

Sasa niwaeleze juu ya maji, maana bila hayo hamtanielewa.

Nchi yetu ni kavu. Kijiji kizima kilikunywa kwenye ilambo moja, yaani bwawa lenye kinamasi, lililolishwa na jicho la maji lililokuwa upande wa mashariki. Jicho lile lilizungukwa na matete mazito na mikuyu mikubwa. Kila mwaka mvua zikiisha, mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, alizunguka na wazee wakifunga mafundo ya majani kwenye miti. Mafundo yale yalikuwa mpaka. Ndani yake hulimi, hukati mti, huwashi moto, na ng'ombe wanapita njia moja tu kwenda kunywa. Matete ya pembezoni yalikatwa siku moja kwa mwaka, kijiji kizima kwa pamoja, kila nyumba na fungu lake. Matete ya kwenye jicho lenyewe hayakukatwa kabisa. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo, lakini watoto waliijua kabla ya kujua kuhesabu.

Na adhabu yake waliijua pia. Aliyeharibu maji hutengwa. Hapewi moto, hasalimiwi, hakuna anayekanyaga kwake, awe mzima, mgonjwa au maiti, mpaka nyumba yake itoe fahali aliwe na kijiji kizima. Ilikuwa adhabu kali kwa sababu maji ni ya kila mtu.

Kiangazi kilipokaza, mtu aliyetoka Geita akaleta salamu. Mume wangu anakuja baada ya siku kumi hivi. Nilifurahi... kisha nikaitazama nyumba. Paa lilikuwa na matundu, mlango wa matete umeoza, ua umelala chini. Nikajiuliza, akiikuta hivi si ndiyo atapata sababu? Siku ya kukata matete ilikuwa bado karibu mwezi mzima.

Nikamwendea Nyamizi, nikaazima mundu wake. Nilimwambia nakwenda kukata nyasi za porini. Mundu ule ulikuwa wa wahunzi wa kwao, mpini wake umezungushiwa waya wa shaba, na kijijini haukuwapo mwingine wa namna hiyo. Alinipa huku akinitania kwamba nisijikate kidole, mume akija akute mke mzima.

Nilikwenda jua likiwa utosini, watu wote wakiwa vivulini. Nilipita mafundo. Matete ya pembezoni yalikuwa mafupi, yameliwa na jua, lakini ya kwenye jicho yalikuwa marefu, manene, ya kijani. Nilisema nitakata machache, nitayaficha ndani, na siku ya kijiji nitayachanganya na fungu langu. Nani atajua? Machache yakawa mengi. Nilikata upande mzima ulioelekea malishoni, nikafunga mizigo minne.

Nilipokuwa nafunga wa nne nikasikia mluzi wa mchunga ng'ombe. Nikashtuka. Niliburuta mizigo yangu nikakimbia nayo kwa zamu, mpaka nikaiingiza ndani yote. Mundu nikausahau palepale.

Kesho yake kundi la ng'ombe wenye kiu likanusa maji. Kwa miaka yote matete yalikuwa ukuta, wanyama hawakuona kitu. Sasa waliona mlango. Waliingia kwa fujo, ng'ombe zaidi ya mia moja, wachungaji wakipiga kelele bila kusikilizwa. Walipotolewa jicho lilikuwa tope tupu. Kingo zilikuwa zimeanguka, mizizi imeng'oka. Watu walichimbua tope kwa mikono siku mbili, wakitafuta yale maji. Siku ya tatu jicho likaacha kutoa. Ilambo likaanza kurudi nyuma, likiacha udongo uliopasuka.

Na kwenye tope lile wakaokota mundu wenye waya wa shaba.

Mwanangwa aliitisha dagashida, mkutano mkubwa wa kijiji chote. Tulikaa chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mundu umewekwa katikati. Mwanangwa alikuwa kaka yake mama mkwe. Aliuliza ni wa nani. Nyamizi akasimama bila wasiwasi wowote, mkono juu ya tumbo, akasema ni wake, lakini alikuwa amemwazima Mbuke.

Mbuke ndiye mimi.

Wasomaji, mnajua nilichofikiri wakati ule? Sikufikiri juu ya maji. Sikufikiri juu ya Nyamizi. Nilifikiri mume wangu yuko njiani, na atakuta mke asiyezaa, aliyetengwa, aliyemgharimu fahali. Atanirudisha kwa wazazi wangu siku hiyohiyo. Nikasimama. Mwanangwa akaniuliza kama ni kweli niliazima.

"Ni kweli niliazima," nikasema. "Lakini nilimrudishia jioni ileile."

Nyamizi alinigeukia. Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalize mzaha.

"Mbuke, kumbuka vizuri," akasema. "Hukunirudishia."

"Nilikurudishia."

Basi. Maneno mawili matatu. Ilikuwa neno langu na neno lake, na mimi nilikuwa mke wa ukoo wa mwanangwa, na yeye alikuwa Msumbwa wa kutoka mbali. Wazee walinong'onezana kidogo tu. Nyumba ya Nyamizi ikatengwa mpaka mumewe atoe fahali.

Niliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe ameketi jikoni. Mizigo yangu minne ya matete ilikuwa imetolewa mafichoni, imelala mbele yake. Yeye alikuwa anavunja matete mojamoja akiyaingiza motoni.

"Matete mabichi yana moshi sana," akasema. "Lete kuni kavu."

Hakusema neno lingine juu ya matete yale, siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka alipokufa. Ilichukua siku nne kuyamaliza. Nilikuwa ninapika kwa matete yale, nakula chakula chake, na paa likabaki na matundu yake.

Mume wangu alikuja. Hakuwa na mke mwingine, wala hakuwa na dhahabu. Hakulitazama hata paa! Alilala siku tatu kwa uchovu, akakaa mwezi mmoja, akarudi Geita. Nilimwomba akamwambie mume wa Nyamizi aje upesi. Alisema atamtafuta, lakini huko machimbo ni mengi na watu wanahama kama nzige.

Kwa hiyo Nyamizi akabaki peke yake.

Sasa maji tulikwenda kuyafuata mtoni, kuchimba mchangani, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka jua la saa sita. Tulikwenda wanawake wote kwa kundi, mitungi kichwani. Nyamizi aliruhusiwa kuchota tukishaondoka. Kila siku tulipokuwa tunarudi tulipishana naye njiani, yeye anakwenda, tumbo limemtangulia. Tulinyamaza mpaka apite. Mwanzoni alikuwa ananitazama. Baadaye akaacha, akawa anatazama njia.

Wapo wanawake waliomrushia unga juu ya ua wake wakijifanya wanapita tu. Mmoja alimwachia kijinga cha moto kando ya njia. Mimi hata hilo sikufanya. Niliogopa nikifanya wema watu watauliza kwa nini. Kila siku nilijiambia mumewe atakuja kesho na fahali, mambo yataisha, nami nitamlipa Nyamizi kwa njia yangu. Nitamlimia. Nitambebea mtoto. Niliyapanga mengi sana yale ya kumlipa...

Siku moja mchana nilikuwa napepeta mtama uani. Mama mkwe alikuwa kando yangu anachambua maharage. Nyamizi akaja mpaka kwenye ua wa minyaa. Hakuingia. Alishika shina moja kwa mikono miwili, jasho linamtoka, ameinama.

"Mbuke," akasema, "sikuombi moto. Njoo unishike tu mgongo. Mtoto anakuja vibaya."

Nilisimama. Ungo ulikuwa mkononi mwangu. Mama mkwe hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anayetaka kwenda aende, lakini akivuka ua ule asirudi, naye hatamsemea kwa kaka yake.

Nilikuwa na njia nyingine, wasomaji. Nilihitaji kusema neno moja, "ni mimi". Ningelisema palepale, adhabu ingemtoka Nyamizi ikanirudia mimi, na kila mwanamke wa kijiji angekimbia kumsaidia. Lilikuwa mdomoni. Nililisikia kama punje iliyokwama.

Nikakaa chini, nikaendelea kupepeta.

Nyamizi alisubiri kidogo. Labda alidhani natafuta kanga yangu. Kisha aliachia ule mnyaa, akageuka, akaondoka polepole, akisimama kila hatua chache. Sikumwona akifika. Mtama ule niliupepeta mpaka haukuwa na kumvi hata moja, nikaumwaga, nikaupepeta tena.

Asubuhi tulipita na mitungi yetu. Nyamizi alikuwa nyuma ya nyumba yake, anachimba kwa jembe, amepiga magoti kwa sababu kusimama alikuwa hawezi. Pembeni yake kulikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwenye kaniki. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alianza kulia bila sauti, mabega yanamtikisika, na mtungi wake haukuanguka. Hakuna aliyesimama. Tulikuwa wanawake kumi na tisa, na tuliendelea na safari ya maji.

Nilijaribu kulia nikashindwa. Toka siku ile kuna kitu ndani yangu kimekufa ganzi. Sijui kama ndivyo inavyokuwa kwa wote.

Baada ya siku kama ishirini mumewe akaja, anaswaga fahali mweusi. Habari zilikuwa zimemfikia hatimaye, akauza kila alichokuwa nacho. Wakati huo mwanawe alikuwa amekwisha zikwa. Alimtoa fahali wake. Akachinjwa, na desturi ni kwamba aliyetengwa ndiye anayemgawia kila mtu mnofu kwa mkono wake, na kila mtu anakula mbele yake, ndipo anarudi kundini. Asiyekula anasema kwamba ana jambo.

Nilikaa kwenye mstari. Nyamizi alikuja akigawa, amekonda, kitambaa kichwani. Alipofika kwangu aliweka mnofu kwenye kiganja changu.

"Kula," akasema.

Nikala. Watu walikuwa wananitazama, naye alikuwa ananitazama. Nilitafuna mpaka mwisho, nikameza, nikafuta mkono. Ndipo akapita kwa mwingine. Jioni ile alikuwa anasalimiana na kila mtu, na siku ya pili yake yeye na mumewe walifunga mizigo wakahamia Geita. Hawakurudi tena.

Mwaka uliofuata nikapata mimba. Nilijifungua nikiwa na wanawake wanne, mmoja ananishika mgongo, mmoja ananifuta jasho, wawili wanaimba. Nilizaa wengine watatu baadaye, wote vilevile. Kila mara nilipewa mtoto mikononi, nikamtazama, nikasubiri nihisi furaha ambayo wenzangu wanaisema. Niliwalea vizuri. Hakuna aliyewahi kusema Mbuke ni mama mbaya.

Mtoto wangu wa pili alipoanza kutembea, nilimwomba mume wangu anipeleke Geita alikokuwa anachimba. Nilimwambia nataka kuona. Niliuliza kila kijito wanakooshea mchanga wa dhahabu mpaka nikampata. Nyamizi alikuwa anawauzia wachimbaji uji na mihogo. Amenenepa kidogo. Alikuwa anataniana na wateja, lakini kile kicheko cha kugeuza wazee sikukisikia. Aliniona, akamaliza kwanza kumhudumia mtu, akanionyesha gogo nikae.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Akaniinulia mkono.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi najua. Kawaambie wale wasiojua."

Akanipa uji katika kibuyu, nikanywa, akakichukua kibuyu akakiosha. Nilipoondoka alikuwa ameshageukia wateja wake.

Nikarudi kijijini, nikaenda kwa mwanangwa. Alikuwa amezeeka. Nilimwomba aitishe wazee, akawaita watano. Nikasema yote: mundu, matete, uongo, mtama niliokaa kupepeta, yote. Nikasema nitengeni. Nilikuwa tayari! Nilikuwa nimekwisha wapeleka watoto kwa mama yangu mzazi, nimezima na moto wangu kabisa.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha mwanangwa akauliza wenzake kama fahali alitolewa. Wakasema alitolewa. Akauliza kama aliliwa. Wakasema aliliwa na kila mtu.

"Basi jambo limeliwa," akaniambia. "Haliliwi mara mbili. Ukilifukua sasa, utatutia aibu sisi tuliohukumu, na maji hayatarudi. Nenda nyumbani, mama, kapike."

Mzee mmoja akanipa kijinga cha moto kutoka kwenye moto wa mwanangwa, nikawashe jiko langu. Nikakipokea. Ningefanya nini?

Jicho la maji halikurudi. Matete yaliota tena pembezoni mvua zilipokuwa nzuri, lakini ilambo sasa linajaa na kukauka kama dimbwi, na mikuyu ilikufa mmoja baada ya mwingine. Vijana wa leo wanadhani palikuwa hivyo tangu zamani. Wanalima pale viazi. Nikiwaambia palikuwa na mafundo ya majani na hakuna aliyevuka, wananisikiliza kwa adabu.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi mnaokaa karibu na maji: yale mliyokatazwa kuyagusa msiyaguse, hata kidogo, hata kwa sababu nzuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri. Na kama umegusa, sema siku ileile, mbele ya watu, kabla hajasimama mwingine mahali pako. Usingoje njia yako ya kulipa. Adhabu ile niliyoiogopa ilikuwa ya fahali mmoja na miezi michache. Ningekuwa nimeimaliza zamani.

Sikupewa. Kila asubuhi naketi mlangoni kwangu, na wanaokwenda mashambani wanapita, wakubwa kwa wadogo, na hakuna hata mmoja anayenipita kimya.

"Mwangaluka, mama," wananiamkia.

Nami naitikia.